Mwongozo kamili wa kupanda miti ya biashara mpaka ipone, iuzike na ihesabike kwenye kaboni

Kila msimu wa mvua watu wanapanda miti kwa maelfu, afu ukirudi baada ya mwaka unakuta nyasi zimefika kiunoni na miche imebaki ya kuhesabu kwa vidole. Makosa ni yale yale kila mwaka, na karibu yote yanafanyika kabla ya mwezi wa 6 wa umri wa mche. Ndo maana nimeamua kuyaandika yote hapa kwa mpangilio, hatua kwa hatua, na sababu zake.

Kwanza tuelewane jambo moja. Kufikia usawa wa kaboni maana yake hewa ukaa tunayoipeleka angani ilingane na ile inayoondolewa. Makubaliano ya Paris ya 2015 yameweka usawa huo kama lengo la nusu ya pili ya karne hii, na ripoti ya 2018 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, ikaonyesha kwamba tukitaka joto lisizidi nyuzi 1.5 basi hewa ukaa inabidi ifike sifuri halisi karibu na 2050. Miti inasaidia upande wa kuondoa tu, haimpi mtu ruhusa ya kuendelea kuchoma mafuta anavyotaka. Na mche ukiwa mkononi bado haujavuta chochote cha maana, kaboni inaingia mti unaponenepa, kwa hiyo mti uliokufa na miezi 4 mchango wake ni sifuri hata kama ulipigwa picha siku ya kupandwa.

Naamini sana katika miti ya biashara kwa sababu moja: mti wenye mnunuzi unapaliliwa, unalindwa na moto, na ukikatwa mwingine unapandwa. Mti usio na mwenyewe unaliwa na mbuzi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Ardhi ambayo umiliki wake hauna ubishi, na karatasi zake
- Futikamba ya mita 30 au 50, kamba ndefu isiyovutika, vigingi
- Majembe, sururu, panga, na wembe au kisu kikali cha kukatia viriba, vile vifuko vya plastiki vya miche
- Miche asilimia 10 zaidi ya mashimo yako, ile ya ziada ni ya kurudishia
- Simu inayoonyesha majira ya eneo, yaani namba za mahali ulipo kwenye ramani, au kifaa cha GPS
- Daftari gumu, moja tu kwa shamba zima
- Hela ya palizi ya miaka 2, imetengwa kabisa, hii watu wanaisahau kuliko kitu kingine chochote

Kama hela ya palizi huna, punguza eneo. Hekta 1 iliyopaliliwa vizuri inakupa miti mingi kuliko hekta 4 zilizoachwa.

## Hatua ya 1: Chagua ardhi, na uiandike ilivyo sasa

Tafuta ardhi iliyochoka, shamba lililoachwa, mteremko ambao mazao hayafanyi vizuri. Usifyeke msitu wa asili ili upande miti ya biashara, na usikaushe ardhi oevu. Kaboni iliyokuwa kwenye msitu ule na kwenye udongo wake inaanza kutoka kwa wingi, halafu miche yako itachukua miaka mingi kuirudisha, yaani umeanza kazi ukiwa na deni.

Kuna sababu ya kibiashara pia. Viwango vikubwa vya krediti za kaboni, yaani vyeti vya hewa ukaa iliyoondolewa ambavyo unaweza kuviuza, kama Verra na Gold Standard vinakataa ardhi iliyosafishwa uoto wa asili ndani ya miaka 10 kabla ya mradi. Kwa hiyo mtu aliyefyeka mwaka jana ameshajitoa kwenye soko hilo.

Kabla hujagusa jembe, zunguka mpaka mzima na simu, andika majira ya kila kona, piga picha za pande zote 4 ukisimama katikati, na uandike tarehe. Andika pia miti yote iliyopo tayari. Hii baadaye ndo ushahidi wako kwamba shamba lilikuwa hivi, mimi nikaja nikafanya hivi. Bila hiyo unabaki na maneno.

Umefaulu kama: mtu ambaye hajawahi kufika anaweza kuchora shamba lako kwa kusoma daftari.

## Hatua ya 2: Anza na mnunuzi, mti utafuata

Watu wengi wanaanza na swali "mti gani unakua haraka?" Uliza kwanza nani atanunua, anataka nini, na gari lake linafikaje shambani. Nguzo, mbao, kuni na magogo ya plywudi ni biashara tofauti, na kila moja ina mti wake na nafasi yake ya kupanda.

Mikaratusi kwenye mazingira mazuri inatoa nguzo ndani ya miaka 6 hadi 10 na ikikatwa inachipua tena. Misonobari ya mbao inahitaji kama miaka 18 hadi 25, na ikikatwa haichipui, lazima upande upya. Mitiki inataka joto, udongo wenye kina usiotuamisha maji, na uvumilivu wa miaka 20 na zaidi. Mgrevilea unakaa vizuri mipakani na kati ya mazao.

Onyo la mikaratusi: isiwe karibu na chemchemi, vijito wala maeneo oevu. Inakunywa maji mengi kwa sababu inakua haraka, na majirani wa chini ndo watakaoumia. Kando ya maji acha ukanda wa miti ya asili, huo usiuguse kabisa.

## Hatua ya 3: Kagua miche, hasa mizizi

Hapa ndo panapoharibika kimya kimya. Niliwahi kununua miche mizuri kwa macho, majani ya kijani, mirefu, nikaipanda yote. Mwaka wa 2 upepo ukaja, mingine ikalala chini kama mtu kaisukuma. Nilipong'oa mmoja nikakuta mzizi umejizungusha kama konokono, umbo lile lile la kiriba, haukuwahi kushuka chini hata kidogo. Mche ulikaa sana kitaluni, mzizi ukakosa pa kwenda ukazunguka, na mzizi ukishazunguka ukawa mgumu haujinyooshi wenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, omba uchane viriba 5 vya kuokota ovyo ovyo, sio vile unavyopewa na muuzaji. Angalia hivi:

- Mzizi mkuu umenyooka, haujapinda kama ndoano wala kuzunguka chini
- Mizizi midogo myeupe ni mingi na imeshika udongo
- Urefu wa sentimita 20 hadi 30 unatosha kwa miti mingi, mche wa nusu mita sio faida, ni mzee
- Shina ni gumu kidogo chini, halilali ukiligusa
- Mche una ncha moja, haujagawanyika

Uliza pia kama miche imezoeshwa jua. Wiki 4 hadi 6 kabla ya kupanda inatakiwa iondolewe kivuli na ipunguziwe maji kidogo kidogo. Mche uliotoka kivulini moja kwa moja kwenda shambani unaungua siku ya kwanza ya jua kali.

Kama unaotesha misonobari mwenyewe, changanya udongo wa kitalu na udongo kidogo kutoka chini ya misonobari mikubwa yenye afya. Kuna kuvu wanaoishi kwenye mizizi yake na wanaisaidia kunyonya virutubisho, bila wao miche inakuwa ya njano na inadumaa, afu mtu anaanza kumwaga mbolea wakati tatizo sio mbolea.

## Hatua ya 4: Pima nafasi na uchimbe mashimo mapema

Nafasi inaamua idadi, na idadi inaamua unene. Mita 3 kwa 3 inakupa miti 1,111 kwa hekta, mita 2.5 kwa 2.5 inakupa 1,600, na mita 2 kwa 2 inakupa 2,500. Ukitaka mbao tumia nafasi kubwa, ukitaka fito na kuni unaweza kubana. Ukibana halafu usipunguze baadaye utapata msitu wa fimbo.

Ili mistari inyooke kuna njia rahisi ya kupata kona sahihi: toka kwenye kigingi pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, ukinyoosha kati ya ncha hizo mbili ikasoma mita 5 kamili basi kona imekaa. Kwenye mteremko mistari ifuate kontua, yaani ikate mteremko kwa usawa mmoja, isishuke na maji.

Usilime shamba zima kama hakuna ulazima, na usichome majani. Udongo una kaboni yake na ukiugeuza wote sehemu yake inapotea. Fyeka, safisha duara la mita 1 kila kwenye kigingi, chimba shimo hapo. Sentimita 30 kwa 30 na kina 30 inatosha kwenye udongo laini, kwenye udongo mgumu au mkavu nenda mpaka 45 au 60. Udongo wa juu weka kulia, wa chini weka kushoto, utaona kwanini muda si mrefu.

## Hatua ya 5: Siku ya kupanda

Usipande mvua ya kwanza. Mvua ya kwanza inalowesha juu tu, kisha inakata siku 10 na miche yote inaisha. Subiri mvua kadhaa, chimba na jembe mpaka sentimita 30, chukua udongo wa chini kabisa ukamate kiganjani, ukifinya ukishikamana kama donge, anza. Ukimwagika kama unga subiri. Ila ukishaona umeshikamana usichelewe tena, kila wiki unayopoteza mwanzoni mwa mvua mche unaipoteza kwenye mizizi, na kiangazi kinaukuta mdogo.

Panda asubuhi au siku ya mawingu. Mwagilia miche kitaluni kabla ya kuisafirisha, ifunike isipigwe na upepo wa gari, na uibebe kwa kushika kiriba, usishike shina.

Kazi yenyewe inaenda hivi:

1. Rudisha udongo wa juu kwanza, ule wa kulia, kwa sababu ndo wenye rutuba na mizizi itaanzia humo.
2. Kata sentimita 1 ya chini ya kiriba pamoja na mizizi iliyojikunja, kisha chana kiriba upande na ukitoe chote. Chote. Plastiki ikibaki ni sawa na kumfunga mtoto miguu ukamwambia atembee.
3. Shusha mche wima, shingo yake ilingane na usawa wa ardhi. Ukizama sana shina linaoza, ukibaki juu mizizi inakauka.
4. Jaza udongo huku unakandamiza kwa kisigino pande zote, usiache hewa ndani.
5. Vuta jani moja la juu kwa vidole viwili taratibu. Jani likikatika mche ukabaki, basi umeshika vizuri. Ukitoka mche wenyewe, rudia.
6. Tandaza nyasi kavu kuzunguka mche, ziwe mbali na shina kama upana wa kiganja, mchwa wasipate ngazi.

Kusanya viriba vyote uondoke navyo. Hesabu ya viriba ulivyokusanya ilingane na idadi ya miche uliyopanda, huo ni ukaguzi rahisi wa kujua kama vibarua wamevitoa kweli.

## Hatua ya 6: Hesabu na urudishie

Wiki 3 hadi 4 baadaye pita kila mstari, andika waliokufa, na urudishie msimu huo huo wa mvua. Ukirudishia mwaka unaofuata mche mpya unaingia kwenye kivuli cha wenzake na hautakuja kuwafikia. Kila mche uliokufa ung'oe uangalie sababu: mzizi umekatwa ni wadudu, mzizi haujatoka nje ya donge ni upandaji mbovu au ukame, shina limetafunwa ni mnyama.

Umefaulu kama: mwisho wa msimu wa kwanza asilimia 85 hadi 90 wako hai. Chini ya 70 usiongeze eneo jipya mpaka ujue kilichotokea.

## Hatua ya 7: Palizi, kazi inayoua miti mingi isipofanyika

Nyasi zina mizizi mingi karibu na juu, pale pale mche unapotafuta maji, na mche mdogo hawezi kushindana nazo. Mikaratusi hasa haivumilii nyasi kabisa mwaka wa kwanza, inakuwa myekundu, inasimama pale pale, mtu anasema mbegu mbovu. Pita upalilie vizuri duara la mita 1, nyasi usiziache hata kidogo, ukae wiki kadhaa urudi uone majani mapya yalivyobadilika.

Mwaka wa kwanza palilia mara 3 au zaidi, mwaka wa 2 mara 2, ukisubiri kivuli cha miti yenyewe kifunge. Karibu na shina ng'oa kwa mkono, jembe linajeruhi gome na kidonda kile kinaita kuvu na mchwa. Kati ya mistari unaweza kufyeka tu bila kung'oa ili udongo usichukuliwe na maji.

Miaka ya mwanzo unaweza pia kupanda mazao mafupi kati ya mistari, maharage au karanga, maana ukipalilia mazao umepalilia na miti, na hela ya shamba inaanza kurudi mapema. Yasiwe mazao yanayopanda juu ya mche, na yasiwe marefu ya kuuziba jua.

## Hatua ya 8: Moto na mifugo

Moto mmoja unafuta miaka 8 ya kazi na kaboni nyingi inarudi angani mchana mmoja. Zungushia shamba mkanda wa kuzuia moto wa mita 10 hivi, usafishwe mpaka udongo uonekane, na ufanyike kabla ya kiangazi kuanza. Shamba kubwa ligawe ndani kwa barabara, moto ukiingia uishie kipande kimoja, na barabara hizo hizo zitapitisha magari ya kuvuna.

Majirani ni ulinzi kuliko mkanda. Waambie unachofanya, wape kazi ya palizi, waruhusu wakate nyasi za mifugo wao badala ya kuingiza mifugo. Mtu anayepata kitu kwenye shamba lako ndo atakayekupigia simu akiona moshi.

## Hatua ya 9: Kupogolea na kupunguza

Kwa miti ya mbao, pogolea matawi ya chini mti ukifika miaka 3 au 4, usizidi nusu ya urefu wa mti, kwa msumeno, karibu na shina bila kulichana. Usitumie panga. Tawi likiachwa linakuwa fundo kwenye mbao na bei inashuka.

Kupunguza kunauma lakini ni lazima. Toa iliyopinda, midogo na yenye ncha mbili, ili iliyobaki inenepe. Kutoka 1,111 watu wengi wa mbao wanamaliza na miti 400 hivi wakati wa kuvuna.

## Hatua ya 10: Pima kaboni mwenyewe

Huhitaji mashine. Tafuta sehemu kadhaa shambani bila kuchagua palipopendeza, kila sehemu weka kigingi, funga kamba ya mita 11.28 na uzunguke nayo. Duara hilo ni mita za mraba 400, yaani ukihesabu miti iliyo ndani ukazidisha mara 25 umepata idadi kwa hekta.

Kila mti ndani ya duara pima mzingo wake kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka chini, gawanya kwa 3.14 upate kipenyo. Tuchukue mti wenye mzingo wa sentimita 62.8, kipenyo chake ni 20, urefu wake tuseme mita 18.

- Eneo la duara la shina, nusu ya kipenyo ikiwa mita 0.1: 0.1 × 0.1 × 3.14 = mita za mraba 0.0314
- Ujazo: 0.0314 × 18 × 0.45 = mita za ujazo 0.254. Ile 0.45 ni kwa sababu shina linachongoka juu
- Uzito mkavu wa shina, kama mti una kilo 500 kwa mita ya ujazo: kilo 127
- Ongeza matawi na majani, zidisha 1.3: kilo 165
- Ongeza mizizi, zidisha 1.25: kilo 206
- Kaboni ni karibu nusu, IPCC inatumia 0.47: kilo 97
- Igeuze kuwa hewa ukaa, zidisha 3.67: kama kilo 356

Namba za 0.45, 1.3, 1.25 na uzito wa mti zinabadilika kwa kila aina, kwa hiyo hii ni makadirio ya kukuongoza, mkaguzi atatumia fomula ya mti wako. Kosa kubwa ni kupima mti mnene kuliko wote na kuuzidisha kwa 1,111. Pima wote walio ndani ya duara, hata vibovu, chukua wastani, na uzidishe kwa walio hai. Rudia kila mwaka mwezi ule ule, duara lile lile.

## Hatua ya 11: Ukitaka kuuza krediti za kaboni

Krediti 1 ni tani 1 ya hewa ukaa. Mti wetu wa juu peke yake haujafika nusu tani baada ya miaka yote hiyo, ndo maana mwenye eka 1 hawezi kulipia ukaguzi peke yake. Jiungeni kikundi, ramani moja, kanuni moja za upandaji, daftari la aina moja. Plan Vivo ni kiwango kilichotengenezwa kwa ajili ya wakulima wadogo na vikundi, anzia huko kusoma.

Kuna mambo 3 utaulizwa bila kukosa. Je, miti hii ingepandwa hata bila hela ya kaboni? Itakaa muda gani, na moto ukija itakuwaje? Na je, waliokuwa wanalima hapa wamehamia kufyeka msitu mahali pengine? Kama shamba lako lingekulipa vizuri kwa mbao tu, swali la kwanza litakubana, na ni haki libane.

Jua pia kwamba miti inayovunwa haihesabiwi kwa kile kilele kabla ya kukatwa, inahesabiwa kwa wastani wa muda mrefu wa kupanda, kukua na kukata. Anayekuahidi hela ya kilele kila mwaka ama hajui, ama anakudanganya. Na mkataba usiutie sahihi kama haujasema wazi nani ana haki ya mbao, nani ana haki ya kaboni, mgao ni asilimia ngapi, na mti ukiungua nani anabeba hasara. Mikataba hii inakwenda miaka 20, 30 na zaidi, wanao wataikuta, waitwe kwenye kikao.

## Hatua ya 12: Kuvuna bila kurudi sifuri

Usivune shamba lote siku moja. Ukiligawa vipande kwa umri, kila mwaka unakata kimoja na vingine vinaendelea kukua, hela inakuja kila mwaka na shamba zima halibaki tupu. Magogo manene yapeleke kwenye mbao, maana mbao ya paa au kabati inakaa na kaboni yake miaka mingi, wakati kuni zinairudisha siku ile ile. Matawi na majani yaache shambani yaoze.

Misonobari panda upya mvua inayofuata. Mikaratusi kata kwa msumeno, kisiki kibaki sentimita 10 hadi 15, mkato ulale upande mmoja maji yasituame, gome lisichanike kwa sababu machipukizi yanatokea chini ya gome hilo. Yakishafika urefu wa mtu chagua 2 au 3 yenye nguvu, yaliyoshika chini karibu na udongo na yako pande tofauti za kisiki, mengine yaondoe. Andika tarehe kwenye daftari lile lile, ukurasa unaofuata wa kipande hicho, na urudi hatua ya 7.